Usipeleke huo wasia kesho! "Sound" hapo haina sauti yoyote

Mkuu, simama hapo hapo. Unasema "being of sound mind" umeitafsiri "nikiwa na akili yenye sauti", na kesho asubuhi wasia unaenda kwa wakili. Futa. Andika "nikiwa na akili timamu", hifadhi faili, ndipo uendelee kusoma.

Mimi neno hilo lilinila milioni moja na laki mbili. Nilipewa kutafsiri ripoti ya ukaguzi wa chombo cha baharini, kurasa 14, mnunuzi ni mzee mmoja wa Tanga asiyesoma Kiingereza. Mkaguzi kaandika kwamba bodi na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, viko "sound", yaani vizima. Nami, kwa ujasiri wa mtu aliyetoka kwenye semina ya siku mbili, nikaandika: "Bodi na mkuku vinatoa sauti." Mbele kidogo nikakuta "soundings" za matangi, yaani vipimo vya kina, nikaandika "sauti za matangi zilichukuliwa". Zilichukuliwa na nani, zikapelekwa wapi, sikujiuliza.

Mzee akasoma. Mkuku unatoa sauti! Kwa mtu aliyekulia baharini, mbao zikianza kulia ujue misumari imelegea na maji yako njiani. Akairudisha ripoti, biashara ikafa, na muuzaji akanipigia simu kuniuliza tangu lini chombo chake kimekuwa kikundi cha taarabu. Malipo yangu sikuyaona, na nauli ya kwenda Tanga kuomba radhi nikajilipia mwenyewe.

Aliyenipoteza ni yule mwalimu wa semina. Simtaji, ila kama yumo humu anajijua. Alitukaririsha: "Ukishika mzizi umeshika neno. Sound ni sauti, mengine yote ni matawi." Tulilipa ada kusikia hayo, na cheti tukapewa! Kibaya zaidi, hoja yake niliipamba mwenyewe. Ukinunua chungu si unakigonga kwanza? Kikilia vizuri, ni kizima. Basi nikaamini "sound" ya uzima imezaliwa kwenye mlio wa chungu. Hoja tamu, na ni uongo mtupu.

"Sound" ni maneno manne yaliyokutana njiani yakavaa kanzu moja. La sauti lilitoka Kilatini, "sonus", likapitia Ufaransa. Waingereza walikuwa wakiandika "soun". Ile d waliibandika baadaye, kama walivyoibandika kwenye "thunder", ambayo Wajerumani mpaka leo wanaiita "Donner" bila d ya katikati. La uzima ni la ukoo mwingine kabisa: Kiingereza cha Kale kilikuwa na "gesund", na Mjerumani akisikia umepiga chafya anakuombea "Gesundheit", yaani afya. Humo ndimo ilimo akili ya huyo marehemu mtarajiwa wako, ndimo ulimo mkuku wangu, na ndimo ilimo "sound asleep", ambayo niliwahi kuitafsiri "amelala akikoroma". Cheka tu, nimezoea. La mlango wa bahari ni "sund" ya watu wa kaskazini mwa Ulaya, lenye asili ya kuogelea. Ndiyo hiyo iliyomo kwenye Øresund, kati ya Denmark na Sweden, ambako Denmark ilitoza meli ushuru tangu 1429 hadi 1857.

La nne, la kupima kina, limeingia kutoka Kifaransa "sonder", na mtego wake ni mbaya kuliko yote, kwa sababu siku hizi meli hupima kina kwa mwangwi, sauti kweli kweli! Utaapa kwamba mwalimu alikuwa sahihi. Lakini neno lilikuwepo karne nyingi kabla ya mitambo hiyo, mabaharia wakishusha kipande cha madini ya risasi kwa kamba, kitako chake kimepakwa shahamu ili kinase mchanga wa chini. Na Kiswahili kina neno lake, kutia bildi. Mzee wa Tanga alilijua tangu utotoni. Mimi mwenye kompyuta na cheti ndiye niliyefundishwa, nimekaa barazani kwake nikila kahawa chungu na aibu.

Kwa hiyo hesabu vichwa. Fungua kamusi kubwa ya Kiingereza utakuta "sound" imeingizwa zaidi ya mara moja, kila moja na kinamba kidogo juu yake. Mara nyingi kila kinamba ni ukoo wake. Ukikuta vinamba, usiguse sentensi mpaka umejua uko kwenye ukoo upi, hata kama maana ya kwanza inakukonyeza. Huo wasia una kurasa ngapi? Upitie wote, utafute na "sound condition" kwenye sehemu ya nyumba na magari. Nina hakika imo, na nina hakika umeiandika vibaya.