Ukibuni runi za hadithi yako, anza na kisu

Waandishi chipukizi hunitumia hadithi zao za dunia za kubuni nizipitie, na nyingi zina runi, yaani mwandiko wa siri uliochongwa kwenye upanga au ukuta wa pango. Kwa macho zinavutia. Ukizikagua, unakuta ni abjadi ya Kilatini iliyobadilishwa sura tu: A ina alama yake, B yake, hadi Z. Taifa la majitu lisilowahi kumwona Mzungu linaandika “ch” kwa alama mbili, kama sisi! Nani aliwafundisha?

Weka kalamu kando. Tafuta kisu na kipande cha ubao wa msonobari, ujaribu kuchonga O. Kisu kitakwama au kitateleza kwenye mzingo. Sasa chonga mstari unaofuata nyuzi za ubao: ama unapotelea humo humo, ama ubao unapasuka. Inayosomeka ni mistari inayokata nyuzi, ya wima na ya mshazari. Runi za kweli, zilizotumiwa na makabila ya Kijerumani kaskazini mwa Ulaya tangu karibu karne ya 2, zina umbo hilo hilo. Watu wako wakiandika kwa wino kwenye ngozi, hawana sababu ya kukwepa mizingo.

Kisha sauti: alama zinazofanana ziwakilishe sauti zinazofanana. Hapa mwandishi Mwingereza J. R. R. Tolkien hana mpinzani. Mwaka 1937, kwenye riwaya yake The Hobbit, alitumia runi za Waingereza wa kale, akizirekebisha kidogo. Baadaye, kwenye The Lord of the Rings, akatumia alama alizozibuni mwenyewe, ziitwazo Cirth. Alama ya p ni mstari wima wenye tawi. Tawi likiongezewa mchirizi, inakuwa b. Geuza p itazame upande wa pili, upate f. Geuza b, upate v. Tawi likikaa pande zote mbili, ni m. Mpango huo huo unarudi kwenye t, d, th, dh na n. Msomaji haelezwi lolote, ila jicho lake linahisi kuna utaratibu.

Kwa hadithi zangu za Kiswahili niliazima kanuni hiyo, alama nikaziacha. Mb, nd, nj na ng zina mchirizi mmoja wa pamoja, na ng' ina herufi yake bila kile kikoma cha juu. Irabu zipe alama nyepesi kuliko zote, hasa a. Ukibisha, chonga “watakapowakamata”. Neno moja, a saba.

Maandishi yenyewe yawe mafupi. Mawe mengi ya runi ya Skandinavia yanasema tu kwamba fulani amelisimamisha jiwe hili kwa kumkumbuka baba yake, au ndugu yake. Na tafsiri usiitupe kwenye tanbihi. Mpe mhusika aisome kwa kudodosa, akikosea jina la marehemu mbele ya mjukuu wake.