Maswali ya Wasomaji: Ada ya Kujiunga Haiendeshi Klabu ya Gofu

SWALI: Mhariri, salamu nyingi. Nimechaguliwa hivi karibuni kuwa mwekahazina wa klabu ndogo ya gofu hapa Mombasa. Mwaka uliopita tulipata wanachama wapya wa kutosha na ada zao za kujiunga zikaziba pengo la bajeti, ila wanachama wa zamani karibu idadi hiyohiyo hawakulipa ada ya mwaka, wala hawakuaga. Sasa kamati inapendekeza tupandishe ada ya mwaka. Je, hiyo ndiyo dawa?
*Mwekahazina, Mombasa*

JIBU: Ndugu Mwekahazina, pengo hilo halijazibwa, limefunikwa tu. Ada ya kujiunga hulipwa mara moja, ilhali mishahara ya watunza uwanja, umeme wa pampu na dizeli ya mashine za kukata nyasi hudaiwa kila mwezi. Klabu inayolipa mishahara kwa ada za kujiunga inakula mbegu ya msimu ujao, na mwaka ambao waombaji wapya watapungua, upungufu wa miaka yote iliyotangulia utajitokeza kwa pamoja.

Kuhusu kupandisha ada, fanya hesabu kwanza kabla ya kupiga kura. Tuseme, kwa mfano tu, klabu ina wanachama 300 wanaolipa shilingi 60,000 kila mmoja, yaani jumla ya shilingi milioni 18. Wakiondoka 30, waliobaki watapaswa kulipa takriban shilingi 66,700 ili jumla isipungue. Na iwapo ongezeko hilo litawakimbiza wengine 20, wale 250 watakaosalia watadaiwa shilingi 72,000 kila mmoja, kwa uwanja uleule na huduma zilezile. Sisemi ada isipandishwe kamwe, maana bei za mafuta na mbolea hazikusubiri mkutano wenu mkuu. Nasema isipandishwe kwa ajili ya kufidia watu walioondoka, bila kwanza kujua kwa nini waliondoka.

Hesabu hiyo ni kali kwa sababu gharama za uwanja wa gofu hazipungui wachezaji wanapopungua. Nyasi za grini, yaani sehemu ya nyasi fupi sana inayozunguka shimo, hukatwa karibu kila siku, wawe wamecheza watu mia moja au kumi. Pwani tuna tatizo la ziada la maji: visima vyetu vingi vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na vikivutwa kupita kiasi maji ya bahari hupenya na chumvi kuongezeka, hata nyasi zikaanza kuungua. Nyasi aina ya paspalamu huvumilia chumvi kuliko aina nyingi nyingine, lakini kubadilisha nyasi za uwanja ni mradi mkubwa, sawa na kununua mashine mpya au kuchimba kisima kingine. Huko ndiko ada za kujiunga zinakostahili kwenda. Ziwekwe katika akaunti ya peke yake, isiyoguswa kwa matumizi ya kila mwezi bila idhini ya mkutano mkuu, na bajeti ya kawaida itegemee ada ya mwaka, malipo ya wageni na mapato ya jikoni.

Wageni nao wana kipimo chao. Hoteli hujaa majira ya kaskazi, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, kisha masika yakiingia hutulia. Mapatano na hoteli kuhusu ada ya uwanja ni jambo jema, mradi yahusu siku za katikati ya wiki na saa ambazo wanachama wako kazini. Klabu inayowapa watalii Jumamosi asubuhi, ikamwambia mwanachama wake asubiri hadi saa saba za jua kali, imemfukuza bila barua. Mwanachama huyo ana pa kwenda: Nyali kuna uwanja wa mashimo 18, Vipingo vilevile, ambako wachezaji wa kulipwa wa kike kutoka Ulaya walishindana mwaka 2019, na ng'ambo ya kivuko kuna Diani. Klabu ndogo haiwezi kushindana nao kwa ukubwa wa uwanja. Inaweza kuwashinda kwa kumjua mwanachama wake kwa jina na kumpatia mchezo unaochukua muda wa saa mbili tu baada ya kazi.

Kwa hiyo, pamoja na daftari la malipo, fungua daftari la michezo. Mwanachama aliyekuwa akicheza kila wiki, kisha akapitisha miezi miwili bila kuonekana, ameshaanza kuondoka hata kama risiti yake ni ya mwaka mzima. Nahodha wa klabu ampigie simu wakati huo, wala asingoje hadi Januari ankara inapotumwa. Utakuta mmoja ana mgonjwa nyumbani, mwingine amehamishwa kikazi, na wa tatu aligombana na mtu wa kamati. Huyu wa tatu ndiye anayeweza kurudishwa kwa simu moja.

SWALI: Mhariri, nilijiunga na klabu mwaka jana, nikafunzwa gofu hadi nikaweza kupiga mpira vizuri. Mafunzo yalipokwisha nikabaki sina wa kucheza naye, kwani kila kundi limeshajaa wenyewe kwa wenyewe. Isitoshe, kila mwezi natozwa kiwango cha chini cha matumizi ya baa, nami situmii pombe. Nivumilie au nijitoe?
*Bi. S., Tudor*

JIBU: Bi. S., usijitoe kabla hujazungumza na katibu, kwani mambo yote mawili uliyoyataja yana dawa, tena ya bei nafuu. Omba upewe hendikapu rasmi, yaani idadi ya mipigo anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake. Mfumo wa hendikapu wa dunia, ulioanza kutumika mwaka 2020, unaruhusu hadi 54 kwa wanawake na wanaume, na michezo ya mashimo tisa huhesabiwa pia. Hivyo mwanafunzi wa jana anaweza kushindana kwa haki na mkongwe. Klabu nayo iwe na siku moja kila wiki ambayo makundi hupangwa kwa kura, ili anayekuja peke yake asirudi nyumbani bila kucheza. Mafunzo yasiyofuatwa na wenzi wa kucheza nao ni fedha zilizopotea, zako na za klabu.

Kuhusu baa, naafikiana nawe kabisa. Katika mji wenye Waislamu wengi kama huu, kumtoza mtu kiwango cha baa asichoweza kukitumia ni kumlipisha faini kwa dini yake. Kiwango hicho kiitwe cha jikoni na kijumuishe chakula: mahamri kwa mbaazi na chai asubuhi, biriani siku ya Jumapili, juisi ya ukwaju baada ya mchezo, vyote vikipikwa kwa njia ya halali na familia zikikaribishwa. Mwezi wa Ramadhani kiwango hicho kisitozwe kwa wanaofunga, na mchezo wa jioni uanze mapema ili watu wawahi futari majumbani mwao. Nina hakika jiko la namna hiyo litaingiza fedha zaidi kuliko tozo linalonung'unikiwa.

SWALI: Tuna wanachama wanaodaiwa ada za zaidi ya mwaka. Tubandike majina yao ubaoni?
*Mjumbe wa kamati, Likoni*

JIBU: Hapana. Atakayeona jina lake ubaoni atalipa kwa hasira kisha aondoke, au hatalipa kabisa. Waandikieni kila mmoja peke yake, mkimpa nafasi ya kulipa kidogo kidogo kila mwezi kwa M-Pesa kwa muda uliotajwa, na wakati huo aendelee kucheza. Asiyejibu baada ya barua ya pili, fuateni katiba ya klabu yenu kama ilivyoandikwa, bila kumpendelea aliyewahi kuwa mwenyekiti.