Kipimo cha mwisho ndicho kinachokutawala: kwa stajeri wapya wa maji Goma

Wadogo zangu mnaoanza staji (mafunzo ya kazi) kwenye maji hapa Goma, siku ya kwanza mtapewa vidonge vya DPD (vinavyoyapa maji rangi kulingana na klorini iliyomo), kile kifaa kidogo cha plastiki cha kulinganisha rangi, na kompyuta yenye Excel ya Kifaransa. Vidonge mtavizoea kwa nusu saa. Mimi nitakaa kwenye kompyuta, maana huko ndiko nilikoaibikia.

Kazi yenyewe ni hii. Mama amechota maji ziwani kule Kituku, mtia klorini amemimina dozi kwa sindano ndani ya bidoni ya lita 20, na bidoni imefika nyumbani. Tunataka kujua klorini itachukua masaa mangapi kushuka chini ya miligramu 0.2 kwa lita, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahali maji yanapotumiwa. Basi tunapima mara kadhaa na kutafuta mpindo unaopita kwenye vipimo vyetu. Klorini haiondoki kwa kiasi kilekile kila saa. Inaondoka kwa sehemu ileile ya kilichobaki: ikiwa nyingi inapungua haraka, ikiwa kidogo inapungua polepole. Mpindo wa namna hiyo ndio menyu inauita "exponentielle".

Chukueni mfano huu niliouandaa, wenye vipimo sita vya miligramu kwa lita, masaa yakihesabiwa tangu dozi ilipotiwa. Saa 0: 1.0. Saa 2: 0.8. Saa 4: 0.7. Saa 8: 0.5. Saa 12: 0.3. Saa 24: 0.1. Hapa naandika nukta, lakini kwenye mashine ya Kifaransa mtaandika koma. Ukiandika 0.8 kwa nukta, Excel inaichukua kama neno na kuisogeza kushoto mwa seli. Namba halali hukaa kulia. Jizoezeni kutazama upande huo kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza nilichora grafu ya aina ya "Courbe", kwa sababu jina lilinivutia, nikaongeza "courbe de tendance" (ule mpindo unaopita kwenye vipimo), nikaomba equation, yaani fomula yake. Kwa vipimo kama hivi vya hapa juu ingeniambia kipeo ni -0.423 kwa saa, yaani nusu ya klorini inaisha baada ya saa moja na dakika 38. Nikaandika ripoti. Yaya (dada mkubwa) aliyekuwa anatusimamia akaisoma, akaweka kidole kwenye jedwali langu mwenyewe.

"Mdogo wangu, baada ya masaa mawili umeandika nini?"

"Sufuri nukta nane, yaya."

"Na ripoti inasema nusu imekwisha kabla ya hapo?"

Nilinyamaza. Grafu ya "Courbe" haisomi masaa yako. Inayachukua kama majina tu na kuhesabu 1, 2, 3, 4, 5, 6, hata kama kati ya kipimo cha tano na cha sita kuna masaa kumi na mawili. Chagueni "Nuage de points", grafu ya nukta, kila mara. Na hata hiyo, ikikuta neno moja kwenye safu ya X (ile nukta badala ya koma!), inarudi kimyakimya kwenye 1, 2, 3.

Mimi siku hizi grafu naitumia kwa macho tu, hesabu naipeleka kwenye fomula. Masaa yakiwa A2 hadi A7 na klorini B2 hadi B7, andika =LOGREG(B2:B7;A2:A7;VRAI;VRAI). Kwenye Excel za zamani unachagua kwanza seli za mistari mitano kwa safu mbili, halafu unabonyeza Ctrl+Maj+Entrée. Mstari wa juu unakupa namba mbili: kushoto m, kulia b. Kwa mfano wetu m ni 0.908 na b ni 1.006. Maana yake, klorini ya mwanzo ni 1.006, na kila saa inabaki 0.908 ya ile ya saa iliyotangulia. Wengi huisoma m kama ile namba ya kipeo iliyo kwenye grafu. Ukiitaka hiyo, andika =LN(m). VRAI (kweli) ya kwanza msiigeuze kuwa FAUX (si kweli), kwa sababu FAUX inailazimisha b iwe 1, nanyi dozi yenu ya mwanzo hamkuipanga hivyo.

Muda wa kupungua nusu ni =LN(0,5)/LN(m): masaa 7.2. Muda wa kufika 0.2 ni =LN(0,2/b)/LN(m): karibu masaa 17. Hilo ndilo jibu tunalopeleka.

Lakini subirini. Jaribuni kubadilisha kipimo kimoja. Tuseme macho yalikosea kwenye saa 0, mkasoma 0.9 badala ya 1.0. Jibu linabaki karibu masaa 17, halitikisiki. Rudisheni 1.0, sasa mkosee saa 24: 0.2 badala ya 0.1. Kosa ni lilelile, moja ya kumi ya miligramu, jioni taa ikiwa hafifu. Jibu linaruka hadi karibu masaa 22. Na R², ile namba ya kuonyesha mpindo umekaa vizuri kiasi gani kwenye vipimo (1 ndiyo juu kabisa), iliyo mstari wa tatu kushoto, bado inasema 0.94, namba ambayo stajeri yeyote angeiandika kwa furaha.

Sababu ni kwamba LOGREG haifanyi kazi na vipimo vyenu. Inavigeuza kwanza kuwa logi (logarithimu, ile LN), halafu inapitisha mstari ulionyooka. Kwenye logi, kutoka 1.0 hadi 0.9 ni hatua ndogo sana, kutoka 0.1 hadi 0.2 ni kuruka mtaro. Tena saa 24 iko peke yake mbali, inavuta mstari mzima kama mtu aliyeshika ncha ya kamba. Kifaa chetu cha rangi kinakosea kwa kiasi karibu kilekile juu na chini, kwa hiyo kwa kazi hii naamini zaidi njia ya pili: tengeneza safu ya C yenye =b*m^A2, chukua =SOMME.XMY2(B2:B7;C2:C7), yaani jumla ya tofauti zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe, kisha mwambie Solveur, kile chombo cha Excel cha kutafuta jibu kwa kujaribu namba, aipunguze hiyo jumla kwa kugeuza b na m. Anzeni na namba za LOGREG. Nilipofanya hivyo, kosa lile la saa 24 lilisogeza jibu kwa saa moja na kitu tu.

Sufuri nayo ina vituko. Ukisoma 0, LOGREG inakurushia #NOMBRE!, kwa sababu sufuri haina logi. Mtajaribiwa kuandika 0.01 ili mambo yaende. Wekeni 0.01 kwenye saa 24 ya mfano wetu muone: muda wa kupungua nusu unashuka kutoka masaa 7.2 hadi 3.7. Namba mliyoibuni ndiyo imeandika ripoti. Mimi naiacha sufuri nje ya LOGREG, naandika pembeni kwamba ilikuwepo, na naitia kwenye Solveur, ambayo haina ugomvi nayo.

Dawa nzuri zaidi ni kupata vipimo vingi kati ya saa 12 na 24. Tatizo mnalijua: ukianza saa mbili asubuhi, saa ya 16 inaangukia saa sita usiku, na hakuna anayetembea mtaa wa Majengo saa hiyo na mfuko wa vidonge. Kwa hiyo tieni bidoni mbili kutoka maji yaleyale, dozi ileile. Ya kwanza mwanzo wake asubuhi, ya pili maji yake yasubiri bila klorini hadi saa mbili usiku. Kesho yake mchana mnaipima ya pili, saa ya 12, ya 16 na ya 20, mkiwa na jua; saa ya 24 mnaipata kwenye bidoni ya kwanza, asubuhi hiyohiyo. Na bidoni ziwe zenu, mmenunua. Hakuna mama atakayekaa siku nzima na lita 20 bila kuzigusa kwa ajili ya jedwali lako.