Kabla ya Kunakili Picha ya Zamani, Igeuze Usome Mgongo Wake

Picha ya harusi ya bibi na babu inaweza kukaa ukutani kwa familia miaka 60, na bado haki ya kuitoa nakala ikawa ya mtu mwingine. Wengi hilo huwaudhi: tulilipa wenyewe, waliomo ni watu wetu, iweje tuombe ruhusa? Sheria hutenganisha vitu viwili. Karatasi ni ya aliyeinunua. Hakimiliki kwa kawaida huanzia kwa aliyepiga picha, au kwa mwajiri wake kama alikuwa mfanyakazi wa studio. Ndiyo maana maduka mengi ya kusafisha picha hukataa kunakili picha inayoonekana ni ya studio mpaka mteja aonyeshe barua ya ruhusa. Duka likinakili bila ruhusa, nalo linaweza kudaiwa.

Kwa hiyo anza kwa kuigeuza picha. Unachotafuta ni muhuri wa studio, jina la mji na, zaidi ya vyote, namba ya oda. Studio au warithi waliotunza negativu (filamu ambayo picha ilichapwa kutoka kwayo) hupata picha kwa namba, si kwa jina la bi harusi. Kama mgongo unaonekana mtupu, usikate tamaa. Ilaze picha karibu na dirisha ili mwanga upite juu yake kwa mshazari. Penseli iliyofifia huacha mifereji midogo kwenye karatasi, na kivuli cha mifereji hiyo husomeka. Papasa karatasi pia. Mgongo laini wenye hisia ya plastiki kwa kawaida ni wa miaka ya 1970 na kuendelea, kwa hiyo usiamini haraka anayekuambia picha hiyo ni ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Umri na asili ya picha ndivyo vinavyoamua kama una haja ya kuomba. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unataka picha ilindwe angalau miaka 25 tangu ilipopigwa, lakini nchi nyingi zimevuka kiwango hicho mbali sana. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hulinda maisha yote ya mpiga picha na miaka 70 baada ya kifo chake. Upande wa mteja nako kuna habari njema ambayo watu huipitia bila kuiona: Uingereza, picha iliyoagizwa na kulipiwa kabla ya tarehe 1 Agosti 1989 kwa kawaida hakimiliki yake ni ya aliyeiagiza, na Kanada utaratibu kama huo ulidumu hadi tarehe 7 Novemba 2012. Risiti ya zamani ya studio yenye jina la babu, basi, si takataka. Kwanza tazama sheria ya nchi unakofanyia nakala, na usidhani ya jirani ni hiyo hiyo.

Picha za nyumbani nazo zina mwenyewe. Aliyebonyeza kamera ni mjomba? Haki ni ya mjomba, na akifariki huenda kwa warithi wake, si kwa kila mwenye albamu. Mara nyingi simu moja kwa binamu humaliza jambo, ila yaandikwe.

Barua ya ruhusa iwe fupi lakini isiache pengo. Taja picha yenyewe (namba, waliomo, mwaka wa kukadiria), idadi ya nakala na ukubwa wake, matumizi, na kama unaruhusiwa kurekebisha mikwaruzo na kuhifadhi faili. Matumizi ndiyo huleta ugomvi. Ruhusa ya kutoa nakala tano za ndugu haimaanishi ruhusa ya kuchapa kitabu cha ukoo wala kuweka picha mtandaoni, kwa hiyo omba yote unayoyahitaji kwa mara moja. Studio ikiwa imefungwa, uliza nani alichukua negativu na nani alinunua biashara. Kila unayemuuliza, andika tarehe na jibu. Kutojibiwa si kuruhusiwa, lakini kumbukumbu hiyo ina kazi: Uingereza, kwa mfano, tangu 2014 hutoa leseni kwa kazi ambazo wenyewe hawakupatikana baada ya kutafutwa kwa bidii.

Tunasihi jambo moja kwa nguvu: usikate ukingo wenye muhuri wala kufuta jina la studio kwenye nakala. Katika nchi nyingi kuondoa alama ya mwenye haki ili kuficha unakili ni kosa jingine juu ya la kwanza, na unawanyima wajukuu njia pekee ya kumjua mpiga picha.

Ukishapata ruhusa, nakili vizuri mara moja ili picha isirudi tena kwenye skana. Tumia nukta 600 kwa inchi (dpi). Picha ya sentimita 6 kwa 9 hutoa pikseli kama 1417 kwa 2126, nazo kwa nukta 300 huchapwa sentimita 12 kwa 18 bila kuvunjika. Picha ndogo ya pasipoti ipe 1200. Hifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora. JPEG, ambayo ni faili ndogo iliyobanwa, itoe baadaye kwa ajili ya kutuma.

Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe. Faili ya rangi huwa na tabaka tatu, yaani chaneli: nyekundu, kijani na buluu. Doa la njano la chai au gundi huwa jeusi sana kwenye chaneli ya buluu na karibu hutoweka kwenye nyekundu. Ukichukua chaneli nyekundu peke yake, kazi ya saa nzima ya kufuta doa huwa imekwisha. Zima pia usafishaji wa vumbi wa moja kwa moja, maana hula nukta za macho na shanga za shingoni.

Karatasi yenye vinundu kama sega la asali humeta ikipigwa mwanga wa skana kutoka upande mmoja. Iskani mara mbili, ya pili ukiwa umeizungusha nusu mzunguko (uso ukiwa bado kwenye skana), kisha irudishe wima na uzipange juu kwa juu kwenye programu ya kuhariri na ya juu uipunguze hadi asilimia 50. Mng'ao hupungua sana. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiivute. Ng'oa tabaka la picha mara moja na umepoteza uso wa mtu. Iskani na kioo chake.

Mwisho skani mgongo, uupe faili jina lile lile la picha pamoja na herufi B, na nakala ya barua ya ruhusa ikae kwenye folda hiyo hiyo. Ukienda kuchapa, beba vyote vitatu.