Maswali ya Wasomaji: Rilizi ishike wapi kwenye kamba ya kompaundi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Niko Kansas City, Missouri, nimenunua upinde wa kompaundi (ule wenye magurudumu kwenye ncha zake mbili) wa mtumba, uzito wa kuvuta paundi 60, nataka niuzoee kabla msimu wa kulungu haujafunguliwa katikati ya Septemba. Shida ni kwamba kamba yake iko tupu kabisa, haina hata kitanzi. Jamaa mmoja uwanjani ananiambia niikamatishe rilizi (kile kifaa cha mkononi chenye taya na kifyatulio, cha kuvutia na kuachia kamba) moja kwa moja kwenye kamba, chini ya mshale, yeye miaka yote anapiga hivyo. Muuzaji dukani kanionyesha kitanzi cha chuma cha kufunga na skrubu. Mwingine anasema funga kitanzi cha uzi. Nimejaribu ile ya kwanza, nikivuta mshale unanyanyuka kwenye resti (pale mshale unapolala). Nimfuate nani?

JIBU: Ndugu yangu mfuate huyo wa kitanzi cha uzi, na huo mshale wako unaonyanyuka ndio sababu yenyewe.

Upinde wa kompaundi ni mfupi, mingi ya kisasa ina kama sentimita 75 hadi 90 tu kutoka eksel hadi eksel (vyuma magurudumu yanapozungukia), kwa hiyo ukivuta mpaka mwisho kamba inajikunja pembe kali sana pale katikati. Sasa ukiweka taya za rilizi chini ya noki (ile plastiki ya nyuma ya mshale), nguvu yako inavutia chini ya mshale wakati mshale wenyewe uko juu yake, rilizi inaisukuma noki kwenda juu, kamba nayo inaibana, na mshale ukishabanwa nyuma lazima mbele uhangaike, ndo unauona unaruka kwenye resti. Zamani watu walikuwa wanaweka kipira kidogo kati ya noki na rilizi kupunguza huo msukumo, na kinasaidia kiasi, lakini bado taya za chuma zinakula ule uzi uliozungushiwa katikati ya kamba kuilinda. Piga hivyo kila wiki utaona uzi unaanza kuchambuka palepale taya zinaposhika. Kulikuwa pia na rilizi za kikamba, yaani rilizi yenyewe ina kijikamba kinazunguka kamba ya upinde halafu kinarudi kujishika kwenye mtambo, hizo zilikuwa za upole kwa kamba na mpaka leo wapo wanaozitumia. Huyo jamaa yako anaweza kuwa analenga vizuri sana, sibishi, ila upinde wake ulishapangwa kwa namna hiyo, noki imepandishwa juu na kila kitu, wako haujapangwa.

Kitanzi cha chuma nakiona kina faida moja tu, hakichakai upesi. Lakini ni uzito pale katikati ya kamba, sehemu ambayo inakimbia kuliko zote, kwa hiyo mshale unapoteza kasi kidogo. Skrubu zinalegea kwa mtikisiko, na chuma kwa chuma kinasaga taya za rilizi. Mimi sikishauri.

Kitanzi cha uzi, hiki wanachokiita kitanzi cha D, kinashika kamba juu ya noki na chini ya noki, rilizi inavuta katikati nyuma kabisa ya mshale. Nguvu inakwenda moja kwa moja, noki haibanwi upande mmoja, mkono ukizunguka kidogo kitanzi kinajipinda bila kuipinda kamba, na kikichakaa unakata unafunga kingine, kamba iko salama. Gharama yake haifiki hata ya mshale mmoja.

Kukifunga sasa. Nunua kamba maalum ya kitanzi, unene kama milimita 2, usichukue kamba ya kiatu wala uzi wowote uliouokota nyumbani. Kata sentimita 11 au 12. Choma ncha zote mbili kwa kiberiti cha gesi mpaka zivimbe kama vichwa vya uyoga, na uchomee mbali kabisa na upinde, moto ukigusa kamba ya upinde hata sekunde moja hiyo kamba usiiamini tena. Hivyo vichwa ndivyo vinavyozuia fundo lisichomoke, kwa hiyo kikiwa kidogo au kimekaa upande rudia. Halafu fundo: zungusha ncha nyuma ya kamba ya upinde, irudishe mbele ipite juu ya yenyewe, izungushe tena nyuma kutoka upande wa pili, itokee ndani ya mkunjo wake. Fundo la juu kichwa kikae upande mmoja, la chini kikae upande wa pili, usivipange upande mmoja manake kitanzi kitakuwa kinaivuta kamba izunguke.

Kabla hujakaza weka mshale kwenye resti, tumia skweya ya upinde (rula ya kupimia pembe inayoshikishwa kwenye kamba) uone mshale na kamba vimekaa pembe mraba, noki ikiwa juu milimita 2 au 3 sio mbaya kwa kuanzia. Kisha ingiza koleo ndani ya kitanzi ukipanue kwa nguvu, mafundo yakaze mpaka yasiteleze. Ndani kibaki kama milimita 12 hadi 15. Acha upenyo kidogo sana kati ya noki na mafundo, ukikaza kabisa utarudia kosa lilelile la kuibana noki ukivuta mpaka mwisho. Wengi wanazungushia uzi mwembamba ndani ya kitanzi, juu na chini ya noki, ili hata kitanzi kikibadilishwa mshale unarudi palepale. Fanya hivyo, kazi ya dakika chache.

Jambo la mwisho kwako, kitanzi kinasogeza mkono wako nyuma zaidi ya ulivyokuwa unashika kamba yenyewe, kwa hiyo usishangae mkono ukipita pale ulipozoea kuuegesha shavuni. Fupisha kwanza mkanda wa rilizi, ukiona bado mpelekee fundi apunguze urefu wa mvuto kwenye kemu (yale magurudumu ya upinde). Na ukivuta mara za kwanza uwe na mshale kwenye kamba, umeelekea kwenye shabaha, kidole kiko nyuma ya kifyatulio. Kitanzi kikikatika au kuchomoka upinde ukiwa umevutwa ngumi yako inakuja usoni kwa paundi zote hizo. Kikianza kutoa manyoya kitupe siku hiyohiyo.

Halafu uko Missouri bwana, Holless Allen aliyepata hati ya uvumbuzi wa upinde wa kompaundi mwaka 1969 alikuwa mtu wa hukohuko.

SWALI: Shikamoo. Nipo Muscat, nafanya shabaha ya mita 50. Nimebadilisha kitanzi mwenyewe na sasa lile tundu la kuchungulia kwenye kamba halinigeukii usoni, limekaa upande. Kamba imeharibika?

JIBU: Marahaba dada. Kamba haijaharibika, kitanzi kimekaa pembeni tu. Ukivuta, rilizi inakilazimisha kitanzi kije nyuma yako, nacho kinaisokota kamba pamoja na tundu. Legeza mafundo kidogo, kizungushe kuelekea upande unaotakiwa kidogo kidogo, vuta uangalie, rudia. Ukiona umezungusha sana na bado, hapo ni kamba yenyewe inahitaji kusokotwa nusu mzunguko, na hiyo ni kazi ya presi (mashine ya kuubana upinde ili kamba ilegee), usiijaribu nyumbani bila presi.

SWALI: Mdogo wangu tuko naye Toronto, alipoteza mkono wa kulia kwenye ajali. Anatamani kurusha mishale lakini rilizi inahitaji mkono. Kuna njia?

JIBU: Ipo, tena sio ya kumfariji tu. Kuna kipande cha ngozi au nailoni kinafungwa kwenye kamba pale noki inapokaa, mrushaji anakiuma kwa magego, anasukuma upinde mbele kwa mkono alionao, akitaka kuachia anafungua meno. Jeff Fabry wa Marekani, asiye na mkono wa kulia, anavuta kompaundi kwa meno namna hiyo na alichukua dhahabu ya Paralimpiki London 2012. Njia ya pili ni kufunga rilizi kwenye mkanda wa begani au kifuani. Matt Stutzman hana mikono yote miwili, anashika upinde kwa mguu na rilizi iko kwenye mkanda mwilini, alipata fedha London 2012 na dhahabu Paris 2024. Sheetal Devi wa India naye hana mikono, anarusha kwa mguu na bega, na kapata shaba Paris 2024 kwenye timu mchanganyiko.

Kwa mdogo wako ningeanza na hicho cha kuuma kwa sababu ni rahisi kutengeneza na hakihitaji mkanda wa kushonewa. Kwanza amwone daktari wa meno, kisha aanze na upinde wa paundi chache kabisa, aume kwa magego ya nyuma na sio meno ya mbele, na kipande kiwe kipana cha kutosha asiteleze. Taya zikichoka apumzike, asimalizie duru kwa kujilazimisha. Akishazoea ndo mpandishe paundi taratibu, na mtafute klabu yenye mkufunzi wa walemavu hapo mjini, watampimia urefu wa hicho kipande vizuri kuliko nyinyi wawili mkikisia nyumbani.