Kabichi zangu hazikufunga: niliyojifunza tutani na jikoni

Msimu wangu wa kwanza wa kabichi, miche ilishika vizuri na majani yakatanuka. Kisha ikaanza kunyong'onyea kila mchana jua likiwa kali, na jioni inasimama tena. Nikadhani ni kiu, nikazidisha maji. Hali ikawa mbaya zaidi. Siku nilipong'oa mche mmoja nikakuta mizizi imevimba na kupindana, mipira mipira, haina hata uzi mmoja mwembamba wa kufyonza maji. Kabichi hazikufunga vichwa. Nilivuna majani tu, tena machungu.

Ule ulikuwa ugonjwa wa uvimbe wa mizizi, na kosa nililifanya kabla hata sijanunua mbegu. Tuta lile lile lilikuwa limebeba koliflawa misimu miwili mfululizo, nami sikujua kwamba koliflawa, brokoli, figili na kabichi ni jamaa moja, wanaambukizana. Kimelea cha ugonjwa huu huweza kuishi ardhini kwa miaka kama 20 kikingoja mmea wa jamaa hiyo urudi. Hakuna dawa ya kunyunyizia majani itakayokitoa huko chini.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza mbegu gani ni bora, uliza tuta lako lilipandwa nini. Zungusha mazao, kabichi isirudi mahali pale pale kabla ya miaka mitatu au minne, na kama ugonjwa umeshaingia, ngoja zaidi ya hapo. Pima pia uchachu wa udongo. Kimelea hiki hupenda udongo wenye asidi na maji yaliyotuama, ndiyo maana siku hizi huweka chokaa wiki kadhaa kabla ya kupanda ili pH, yaani kipimo cha uchachu, ifike karibu na 7, na matuta nayainua. Mizizi yenye uvimbe siitupi kwenye mboji, naichoma.

Kitaluni, hatari kubwa ni kinyausi, yaani miche kuoza shinani na kulala chini. Panda mbegu zikiwa na nafasi, mwagilia asubuhi, usilowanishe kupita kiasi. Hamisha miche ikiwa na majani manne hadi matano ya kweli, kwa kawaida baada ya wiki nne hadi sita, na uifanye kazi hiyo jioni. Nafasi ya sentimita 45 hadi 60 hutoa vichwa vikubwa. Mimi huibana kidogo, kwa sababu kichwa kidogo kinaliwa kikaisha kabla hakijanyauka.

Adui anayenisumbua zaidi ni nondo mgongo wa almasi. Viwavi wake ni wadogo, wa kijani, na ukiwagusa hujinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi. Huyu mdudu amezoea sumu nyingi; usugu wake dhidi ya DDT, sumu ya kuua wadudu, ulishaonekana Java, Indonesia, mwaka 1953. Ukimpiga dawa ile ile kila wiki unamfundisha tu kuishi nayo. Nageuza majani mara mbili kwa wiki, nafunika tuta kwa neti, na nikilazimika kupiga dawa nabadilisha aina, kisha nahesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Kichwa kikishafunga, tatizo hubaki maji. Ukavu mrefu ukifuatwa na maji mengi ghafla hukipasua, basi mwagilia kwa kipimo kile kile.

Na sasa jikoni, ambako nako nilikuwa napoteza mali. Nilizoea kuchemsha kabichi mpaka ilainike kabisa, kisha namwaga maji. Gramu 100 za kabichi mbichi zina miligramu 36 hivi za vitamini C, na mtu mzima anashauriwa kupata 45 kwa siku. Vitamini hiyo huyeyuka majini na kuharibiwa na moto, hivyo nilikuwa naimwaga mwenyewe. Harufu nzito ya salfa nayo hutokana na kupika muda mrefu. Sasa naikata nyembamba, naiacha dakika chache, kisha naikaanga au kuitia mvuke dakika tano tu, ikiwa bado inalia menoni. Watoto waliokuwa wakiisukuma pembeni ya sahani wanaomba nyongeza.

Ina pia nyuzinyuzi, foleti na vitamini K kwa wingi. Hii ya mwisho husaidia damu kuganda, kwa hiyo anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi anachokula bila kuzungumza na daktari wake. Na kama tumbo lako hujaa gesi, anza na kidogo kilichopikwa.

Unapovuna, kata kichwa kwa kisu na uache shina na majani ya chini. Kama mizizi ni mizima, machipukizi yatatokea pembeni; bakiza matatu au manne, mwagilia, na baada ya wiki kadhaa utapata vichwa vidogo vinavyotosha mlo mmoja kila kimoja.