Mbunge wa upinzani na ugumu wa maisha: ana mlango gani bungeni?

SWALI: Nafuatilia sana vikao vya Bunge letu la Tanzania. Kuna mbunge wa upinzani ambaye karibu kila mkutano husimama kuzungumzia bei ya mafuta, nauli, sukari na michango ya shule. Anaongea vizuri na video zake zinasambaa, kisha Waziri anajibu kwamba mfumuko wa bei uko chini, na mambo yanaishia hapo. Kikanuni mbunge wa aina hii ana uwezo gani hasa? Na kwa nini asipeleke tu muswada wa kushusha bei au kuweka ruzuku? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu, nianze na mwisho wa swali lako, maana hapo ndipo watu wengi wanapoteleza, hata wagombea wakiwa kwenye kampeni.

Ibara ya 99 ya Katiba inalizuia Bunge kushughulikia muswada wa kutoza kodi, au wa kuidhinisha matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, mpaka Rais awe amependekeza na pendekezo hilo liwe limewasilishwa na Waziri. Zuio hilo linagusa hoja pia, si miswada peke yake. Ruzuku ni matumizi. Kwa hiyo mbunge asiye waziri, awe wa upinzani au wa chama tawala, hana njia ya kuleta muswada wa kuweka ruzuku. Ile ruzuku ya mafuta ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, iliyotangazwa Mei 2022, ilitoka serikalini kwa sababu kisheria isingeweza kutoka kwingine. Ndiyo maana hata hoja kali ya mbunge inapofika kwenye maazimio utaikuta inasema Bunge "linaishauri Serikali". Si woga wa mwandishi. Asipoandika hivyo hoja itarudishwa mezani kwake.

Lakini isome ibara hiyo mpaka mwisho. Kinachozuiwa upande wa kodi ni kuianzisha, au kuibadilisha kwa namna yoyote isipokuwa kuipunguza. Neno hilo la kupunguza ni mlango ulioachwa wazi, na nasikitika kwamba wanaoutumia ni wachache. Kila Juni, baada ya bajeti kuu kusomwa, Bunge hujadili Muswada wa Sheria ya Fedha, ambao ndio unaobeba mabadiliko ya kodi na tozo yanayoanza Julai 1. Mbunge yeyote anaweza kuandaa jedwali la marekebisho: kifungu fulani kifutwe, kiwango fulani kishushwe kutoka hapa hadi pale. Jedwali likifika mezani kwa wakati, Waziri lazima alijibu kifungu kwa kifungu. Bajeti ya 2023/24, kwa mfano, iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Ongezeko la namna hiyo linapokuja ndani ya muswada, mbunge anayelipinga ana kifungu cha kushika mkononi. Hotuba ya dakika chache kuhusu nauli ikitolewa Februari inaweza kuwagusa watu sana, lakini haina kifungu inachokigusa.

Hapo ndipo penye jibu langu lote kwako. Kabla mbunge hajasimama, lazima ajue bei anayoilalamikia imelazwa wapi kisheria. Bei nyingine imo ndani ya sheria, nyingine imo kwenye kanuni za Waziri, nyingine kwenye tangazo la mamlaka ya udhibiti, nyingine kwenye waraka wa wizara, na nyingine iko sokoni tu ambako hakuna kalamu ya serikali inayoifikia moja kwa moja. Kila makazi yana ufunguo wake.

Tozo ya miamala ya simu ni somo zuri. Mwaka 2021 Sheria ya Fedha iliruhusu tozo hiyo, lakini viwango vyenyewe, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, viliwekwa kwenye kanuni za Waziri. Tozo ilianza Julai 15, wananchi wakapiga kelele, na kabla Septemba haijaisha ilikuwa imepunguzwa kwa asilimia 30. Haikuhitaji kurudi bungeni, kwa sababu kanuni hubadilishwa kwa saini ya Waziri. Mbunge aliyelielewa hilo hakusubiri Juni ya mwaka uliofuata. Alielekeza shinikizo lake kwa Waziri mwenye kalamu. Michango ya shule nayo haimo kwenye sheria ya kodi. Elimumsingi bila ada iliingia kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, kwa hiyo mzazi anayedaiwa mchango usioeleweka ana waraka wa kuushikilia, na mbunge wake ana swali la kuuliza: je, mchango huu umeruhusiwa na nani, chini ya waraka upi? Mafuta yana njia nyingine tena. Bei kikomo hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ndani yake mna gharama ya soko la dunia, usafirishaji, na kodi na tozo za hapa kwetu. Bunge halina la kuamuru katika sehemu hizo mbili za kwanza. Katika ya tatu linalo.

Sasa hilo jibu la mfumuko wa bei. Linawaudhi wengi, na nadhani linaudhi kwa sababu kitakwimu ni la kweli ila halijibu kilichoulizwa. Mfumuko unapima kasi ya bei kupanda. Kimo ambacho bei imeshafikia haukipimi. Tuseme bidhaa ya shilingi 2,000 inapanda hadi 3,000 ndani ya mwaka: hiyo ni asilimia 50. Mwaka unaofuata inafika 3,090. Mfumuko umeshuka hadi asilimia 3, na mama anayenunua bidhaa hiyo hajapata nafuu hata ya shilingi moja, tena ameongeza 90. Mfumuko wa mwaka 2024 ulikuwa karibu na asilimia 3, na Waziri anapoutaja hasemi uongo. Mbunge ndiye anayepaswa kuuliza kuhusu kimo: bei ya bidhaa fulani ilikuwa kiasi gani miaka mitatu iliyopita, iko kiasi gani leo, na kipato cha mkulima au mtumishi kimepanda kwa kiwango gani katika muda huohuo. Takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoka kila mwezi, na zinachambua chakula, nishati, usafiri na mengineyo. Mbunge akizichapisha akaja nazo ukumbini, jibu la jumla halimtoshelezi yeyote aliyemo humo.

Uundaji wa swali una uzito kuliko sauti. Mbunge akiuliza "Serikali ina mpango gani wa kupunguza ugumu wa maisha?" atajibiwa kwamba Serikali inaendelea kuchukua hatua mbalimbali, na hapo hana pa kushika. Akiuliza tozo fulani imekusanya kiasi gani tangu ianze na fedha zimekwenda kwenye miradi ipi, Waziri lazima alete namba, na namba hiyo inaingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, yaani kumbukumbu za kila kinachosemwa ukumbini. Muuliza swali la msingi ana maswali mawili ya nyongeza. Hayo ndiyo ya kuandaa usiku uliotangulia, kwa kukisia jibu litakavyokuwa. Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, lakini hayo ni ya sera. Ukimpelekea Waziri Mkuu suala la takwimu umelichoma bure.

Silaha ninayoithamini kuliko zote ni shilingi. Wakati wa bajeti za wizara, Waziri akishahitimisha hoja yake, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi. Katibu anasoma mafungu, na yakifika kwenye mshahara wa Waziri, mbunge anaweza kuomba ufafanuzi wa jambo moja la sera. Asiporidhika, anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo. Shilingi yenyewe si kitu. Kinachotokea baada yake ndicho kitu. Hoja inafunguliwa, wabunge wengine wanaichangia, na wale wa chama tawala ambao wapiga kura wao wanaumizwa na jambo hilohilo wanapata nafasi ya kusema bila kuonekana wameipinga bajeti nzima. Nimeona mara nyingi mambo ya maji, pembejeo na wafanyabiashara wadogo yakipata ahadi yenye tarehe katika dakika hizo, ahadi ambayo hotuba za wiki nzima hazikuipata. Waziri akiahidi, mbunge anarudisha shilingi, na ahadi inabaki kwenye kumbukumbu ikisubiri kuulizwa mwakani. Muda ndio adui. Ukiisha, mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa pamoja bila mjadala, kwa hiyo anayetaka kushika shilingi asisubiri wenzake wamalize.

Hoja binafsi, yaani ile inayoletwa na mbunge mwenyewe badala ya Serikali, nayo ipo, na upinzani uliitumia sana miaka ya 2012 na 2013. Novemba 2012 hoja ya Zitto Kabwe kuhusu fedha zilizofichwa nje ya nchi ilipita ikiwa na marekebisho. Februari 2013 hoja ya John Mnyika kuhusu maji Dar es Salaam iliondolewa, na ukumbi ukachafuka. Hatima ya hoja iko mikononi mwa wengi, na wengi ni wa chama tawala. Kura ya sauti haiangalii nani ana hoja nzito.

Kuna jambo la idadi ambalo ni lazima ulijue. Kambi Rasmi ya Upinzani hutambuliwa upinzani unapofikisha asilimia 12.5 ya wabunge wote. Ikiwepo, inapata Kiongozi wa Upinzani, wasemaji wa kila wizara, na hotuba mbadala inayosomwa baada ya ile ya Waziri. Baada ya uchaguzi wa 2020 kiwango hicho hakikufikiwa. Mbunge wa upinzani asiye na kambi anapanga foleni ya kuchangia kama wabunge wengine mamia, hana watafiti wa kambi wa kumwandalia takwimu, na hilo linaeleza kwa nini wengi wao hubaki na hotuba tu. Nawaonea huruma, lakini jedwali la marekebisho na shilingi havihitaji kambi. Vinahitaji kusoma muswada mapema na kuandika vizuri.

Ukitaka kumpima huyo mbunge wako, acha video kidogo. Fungua Taarifa Rasmi za mkutano wa bajeti kwenye tovuti ya Bunge, tafuta siku ya Muswada wa Sheria ya Fedha, uone kama jina lake limo kati ya walioleta majedwali. Kisha tafuta siku ya wizara anayoilalamikia, uangalie alishika shilingi kwa jambo gani na aliirudisha kwa ahadi ipi. Kama hayumo, mwandikie kabla ya Aprili, mtajie tozo unayoilipa na kiasi chake, na umuulize atapeleka jedwali au hatapeleka.